Herufi zinazopiga kelele ukutani

Wiki hii nawaomba mwinue macho. Pale Chang'ombe, nasema Chang'ombe yetu ya Dodoma na si ile ya Temeke, bado yapo maduka yenye majina yaliyoandikwa kwa brashi ukutani: herufi nene, zimeinama mbele kama mtu anayewahi basi, kila moja na miguu mipana kama tofali. Utotoni tuliziita herufi za kikauboi.

Kumbe kauboi hakuzibuni. Zilizaliwa London, kati ya 1815 na 1817, katika kiwanda cha kusubu herufi cha Vincent Figgins. Kabla ya hapo herufi za chapa zilikuwa hasa za vitabu, za kusomwa na mtu aliyeketi kwa utulivu. Biashara zilipoongezeka, kila mmoja akitaka kumshinda jirani yake kwa kelele, ikatakiwa herufi ya kusomwa na mpita njia aliye ng'ambo ya barabara. Wakaziita za Kimisri, kwa sababu tu Misri ilikuwa gumzo la Ulaya tangu vita vya Napoleon vya 1798. Jina la Afrika, kwa kitu ambacho Afrika haijapata kukiona!

Zilinenepa zaidi Marekani. Herufi kubwa ya risasi ni nzito na ghali, na mwaka 1827 Darius Wells wa New York akaanza kuchonga herufi za mbao kwa mashine. Basi hata mji mdogo wenye mtambo mmoja wa kuchapa ukaweza kutangaza sarakasi, mnada wa ng'ombe au mhalifu anayetafutwa.

Huku kwetu naamini sinema ilichangia sana. Leopoldville ya miaka ya 1950 ilikuwa na vijana waliojiita Bills, kwa ajili ya Buffalo Bill. Nasi Tanzania tukaja kuzipenda filamu za makauboi za Waitaliano, kama Django ya 1966. Fundi wa mabango alikuwa na mahali pa kuiga. Na kuinamisha kulimfaa: herufi ya chapa iliyoinama ina ncha zinazotokeza na kuvunjika, lakini brashi haina tabu hiyo.

Tangu Dodoma ipewe hadhi ya jiji mwaka 2018, naona mabango ya plastiki yanayochapwa kwa kompyuta yanazidi. Ni safi, sikatai, na hayachelewi. Lakini A ya duka hili ndiyo A ya duka la Mwanza. Fundi wa brashi huufuata ukuta alioukuta: jina refu analibana, mguu wa herufi anaufupisha kukwepa dirisha. Ujuzi huo uko mikononi mwa wazee wachache, na wanafunzi hawaonekani.

Huko Two Rivers, jimbo la Wisconsin, makumbusho yaliyofunguliwa 1999 yanatunza vipande zaidi ya milioni moja vya herufi za mbao. Za Chang'ombe, mwenye duka akihama, mpangaji mpya huanza na ndoo ya chokaa.