Kijinamba kidogo na besi iliyopaa

Nimekuwa kimya majuma kadhaa. Sababu ni kijinamba kimoja kidogo.

Kwaya moja hapa Kisauni, si mbali na kengele ya Freretown, kijiji ambacho wamisionari wa CMS walikianzisha mwaka 1875 kwa watumwa walioachiwa huru, iliniomba programu ya kusoma karatasi zao za solfa na kuzipiga kwenye kompyuta. Nikaona kazi rahisi, kwani solfa ni herufi tupu: d r m f s l t. Siku ya majaribio besi ikatoka juu, imekaa pamoja na soprano. Wazee wa besi wakacheka. Mimi nikarudi kusoma historia.

Kumbe tatizo ni la kale. Katika karne ya 11 mtawa wa Italia, Guido wa Arezzo, alipanga nota kwenye mistari minne. Baadaye ikawa mitano. Lakini sauti ya mtu haifungiki humo, hivyo nota ikitoka nje huchorewa kijistari chake kifupi. C ya kati ya piano hukaa kwenye kijistari kimoja chini ya mistari ya ufunguo wa G, au kimoja juu ya mistari ya ufunguo wa F. Vijistari vikifika vinne au vitano, jicho linapotea.

Huko Uingereza, John Curwen, akifuata kazi ya mwalimu Sarah Glover wa Norwich, aliiondoa mistari yote miaka ya 1840. Sasa do ya juu utaitambuaje? Aliweka kijinamba 1 begani mwa herufi kwa oktavu ya juu, na mguuni kwa oktavu ya chini. Na ili besi na tena zisijae vijinamba, zikaandikwa oktavu moja juu ya zinavyoimbwa.

Hapo ndipo nilipokosea. Katika MIDI, mfumo uliotoka mwaka 1983, C ya kati ni namba 60 na oktavu moja ni hatua 12. Nilipaswa kuwatolea wanaume 12. Mstari mmoja tu wa kodi!

Lakini kosa la pili halikuwa langu. Karatasi zilizotolewa kopi ya kopi zimepoteza vijinamba. Wimbo ukiwa kwenye C, kutoka d kushuka t ni hatua moja, 60 hadi 59. Kijinamba cha mguuni kikifutika, programu inaruka juu hadi 71. Sasa nimeiamuru isimame kila ikikutana na mruko kama huo, iulize. Na mwenye jibu si kompyuta, ni mzee mmoja wa besi anayefumba macho na kuimba sehemu yake yote.

Kwa hiyo, msomaji, kama kwaya yenu ina karatasi za zamani, zipigeni picha sasa. Kisha mkalisheni mzee wenu aziimbe mkimrekodi, maana karatasi imekwisha kusahau.