Kisitiri cha Nuru: Kutoka Kilombero hadi Delta ya Rufiji

Mto Kilombero, upitao karibu na Ifakara, haufuati mkondo mmoja. Bondeni hugawanyika, huzunguka visiwa vya mchanga, kisha mikondo hukutana tena. Mfano huo waeleza vema lile liitwalo "vazi la kutoonekana": nuru ikizungushwa kando ya kitu na kuunganishwa tena mbele, mtazamaji ataona kilicho nyuma yake, wala hatakiona kitu chenyewe.

Kilombero na Luwegu hukutana na kuwa Rufiji, na katika delta ya mto huo jambo la kujisitiri lilijaribiwa kwa njia ya kale. Königsberg, meli ya vita ya Kijerumani, iliishambulia na kuizamisha Pegasus ya Waingereza huko Unguja tarehe 20 Septemba, 1914. Kisha iliingia deltani ikajificha kati ya mikoko, ikifunikwa matawi. Hila hiyo ilikusudiwa jicho la baharini. Haikufaa mbele ya jicho la angani. Mwezi wa Novemba eropleni iliiona. Tarehe 11 Julai, 1915, mizinga ya Severn na Mersey, ikielekezwa na eropleni, iliiharibu hata mabaharia wake wakaizamisha.

Wataalamu wa karne hii wamekutana na sharti lile lile. Mwaka 2006, kwa nadharia ya John Pendry, pete za shaba zilizoundwa Chuo Kikuu cha Duke zilizungusha mawimbi ya maikrowevu, si nuru ionekanayo. Mwaka 2011 fuwele za kalisaiti, madini yaliyomo katika mawe ya chokaa, zilisitiri kitu kidogo katika nuru ionekanayo, lakini ile itetemayo upande mmoja tu. Mwaka 2014, huko Rochester, Marekani, lenzi nne za kawaida zilitosha; lakini atazamaye kutoka pembeni sana hukiona kitu.

Basi "vazi la kutoonekana" ni jina liahidilo mno. Kufunika ni kuweka kitu juu ya kingine. Kusitiri ni kukinga na macho ya mtu fulani: mtu hujisitiri mbele ya wageni, si mbele ya nafsi yake. Na "kisitiri" ni neno lililokwisha kutumika kwa kiambaza kikingacho macho ya wapitao. "Kisitiri cha nuru" ndilo jina lifaalo, maana lenyewe lauliza: chasitiri na jicho lipi, nalo liko upande gani?