Bidhaa Ikishauzwa Hairudishwi: Historia ya Muuzaji na Mnunuzi wa Vifaa vya Kielektroniki Kariakoo

Mnunuzi anayefika Kariakoo, Dar es Salaam, kutafuta simu, redio au televisheni hukutana na mambo mawili ambayo kwa mtazamo wa haraka yanapingana. Kabla ya kutoa fedha huitwa, hufuatwa na pengine hushikwa mkono na watu wanaomhimiza anunue, lakini akishalipa, na kifaa kikaharibika baada ya siku chache, huoneshwa maandishi yaliyopigwa chapa chini ya risiti au kubandikwa ukutani yasemayo kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Kero hizo mbili, yaani kusumbuliwa kabla ya kununua na kutelekezwa baada ya kununua, zina asili moja. Historia ya biashara hiyo, kuanzia redio za betri hadi simu janja, inaonesha kwamba namna ya kumpokea mnunuzi imebadilika mara kadhaa, ilhali hasara ya kifaa kibovu imeendelea kumwangukia yeye.

Kariakoo yenyewe ina historia ya mizigo hata katika jina lake. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia Wajerumani walikuwa wamejenga hapo ukumbi mkubwa, na Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliugeuza kuwa sehemu ya kambi ya wapagazi wa jeshi lao, kikosi kilichojulikana kama Carrier Corps, jina ambalo ndimi za wenyeji zililifanya Kariakoo. Mwaka 1923 ukumbi huo ulianza kutumika kama soko, na mwaka 1975 likafunguliwa jengo jipya lililosanifiwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika ukanda huu. Soko hilo lilikuwa la vyakula, lakini mitaa inayolizunguka, kama Msimbazi, Uhuru na Aggrey, ndiyo iliyokuja kuwa ghala la rejareja na jumla la nchi nzima, na baadaye la wateja kutoka Kongo, Zambia, Malawi na Komoro.

Vifaa vya kielektroniki havikuanzia mitaa hiyo. Chini ya ukoloni mji uligawanywa kwa rangi, Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na redio chache zilizoletwa ziliuzwa hasa katika maduka ya Uhindini, ambako mwenye duka alikuwa pia wakala, maana yake mfanyabiashara aliyeruhusiwa na kiwanda fulani kuuza bidhaa zake katika eneo fulani. Matangazo ya Sauti ya Dar es Salaam yalianza mwaka 1951, yakawa ya shirika kamili mwaka 1956, na mwaka 1965 yakapewa jina la Radio Tanzania Dar es Salaam. Katika miaka hiyohiyo redio za transista, ambazo ni ndogo na hutumia betri kavu, zilichukua nafasi ya zile kubwa za valvu zilizohitaji umeme mwingi, na hivyo redio ikafika hata kwa mkulima asiye na nguzo ya umeme. Kiwanda cha National mjini Dar es Salaam kilitengeneza betri na redio, na kile cha Philips mjini Arusha kiliunganisha redio, jambo lililomaanisha kwamba kifaa kikiharibika palikuwa na mlango wa kubisha ndani ya nchi. Pamoja na viwanda hivyo walizuka mafundi redio, waliokaa barazani na chuma cha kulehemu na lundo la vipuri, ambao kwa wananchi wengi ndio waliokuwa dhamana ya kweli ya kifaa chochote walichonunua.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliibadilisha sura ya kaunta. Mwaka huohuo Serikali iliunda shirika la umma la biashara ili kusimamia uagizaji na uuzaji wa jumla, na kazi ya kusambaza bidhaa baadaye ikakabidhiwa kampuni za biashara za mikoa, zilizojulikana kwa kifupi cha RTC. Mwaka 1973 ikaja sheria ya udhibiti wa bei pamoja na Tume ya Bei, na mwaka 1976 Operesheni Maduka ilijaribu kuyaondoa maduka ya watu binafsi na kuweka ya ushirika mahali pake, lakini ilisitishwa baada ya muda mfupi kwa sababu ya usumbufu ilioleta. Nia ya hatua hizo ilikuwa kumlinda mnyonge dhidi ya mlanguzi, yaani mtu anayenunua kwa wingi na kuficha ili auze kwa bei ya juu. Hata hivyo, uhaba wa fedha za kigeni uliozidishwa na vita dhidi ya Idi Amin vya mwaka 1978 na 1979 uliziacha rafu nyingi tupu, na muuzaji aliyelipwa mshahara uleule, auze asiuze, hakuwa na sababu ya kumbembeleza mtu. Neno lililosikika zaidi dukani likawa «hakuna», na bidhaa iliyokuwapo ikapita chini ya kaunta kwenda kwa ndugu na jamaa, au ikaingia kwenye magendo, biashara ya kificho isiyolipiwa ushuru.

Kipindi hicho hukumbukwa kwa foleni za sukari na sabuni, lakini kwa vifaa vya kielektroniki kiliacha alama ya kudumu zaidi, kwa kuwa kilimzoesha mnunuzi kuona upatikanaji wa kitu kama fadhila. Aliyefanikiwa kupata redio hakuuliza ingerudishwa wapi ikinyamaza, maana kuuliza hivyo kulionekana ni utovu wa shukrani. Mwaka 1983 Serikali ilianzisha msako wa wahujumu uchumi ulioongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, na mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya Nguvu Kazi, ambayo kwa utekelezaji wake wachuuzi wengi wa mijini walikamatwa kama wazururaji na kurudishwa vijijini. Hivyo mtu wa kuuza mkononi, ambaye leo ndiye sura ya Kariakoo, aliingia katika historia ya mji akiwa mtu wa kukimbizwa.

Mlango ulifunguliwa mwaka 1984, pale waliokuwa na fedha zao za kigeni waliporuhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa walizipataje fedha hizo, na ukafunguliwa zaidi chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyeingia madarakani mwaka 1985 na ambaye enzi yake wananchi waliipa jina la ruksa. Zanzibar, iliyokuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya mwanzo ya 1970 wakati Bara haikuwa na kituo hata kimoja, iligeuka kuwa daraja la redio kaseti, video na televisheni kutoka Dubai. Bara ilipopata vituo vyake vya kwanza vya televisheni mwaka 1994, na mwaka huohuo mtandao wa kwanza wa simu za mkononi ukaanza kazi, haja ya vifaa iliruka ghafla, na wafanyabiashara waliokwenda Dubai na kisha Guangzhou, China, wakaijaza mitaa ya Kariakoo bidhaa ambazo mwagizaji wake hakuwa wakala wa kiwanda chochote. Bei zilishuka, jambo lililowafaa mamilioni, lakini ule uzi uliomuunganisha mnunuzi na kiwanda ulikatika.

Wingi huo ndio uliomzaa winga. Jina hilo limetoka katika kandanda, kwa mchezaji wa pembeni anayekimbia na mpira ili aupeleke kwa mfungaji, na Kariakoo humaanisha mtu asiye na duka, bidhaa wala mshahara, ambaye humsaka mteja barabarani na kumpeleka kwenye fremu ya mtu mwingine. Fremu ni chumba cha duka cha kupanga, na kwa kuwa kodi zake ni kubwa na pengine hutanguliwa na kilemba, yaani malipo ya kumwachisha mpangaji wa awali, wenye maduka huona nafuu kuwaachia mawinga kazi ya kuvuta wateja kuliko kuajiri wauzaji wa kudumu. Malipo ya winga ni cha juu, tofauti kati ya bei anayotaka mwenye duka na ile anayoitamka yeye. Akimpata mteja wa televisheni, humkalisha kwenye kiti cha plastiki, akamwambia asubiri kidogo, akakimbia mitaa miwili hadi kwa mwenye mzigo, akarudi na boksi begani, na mteja akalipa katika duka ambalo televisheni hiyo haikuwahi kukaa. Kesho yake mteja huyo akirudi na malalamiko, aliyepokea fedha atasema mzigo haukuwa wake, mwenye mzigo atasema hamjui mteja, na winga atakuwa njia nyingine akiwinda riziki.

Watu wa kati si wageni katika biashara ya pwani. Dalali, neno lenye asili ya Kiarabu, aliuza karafuu na pembe za ndovu katika minada ya Zanzibar ya karne ya 19, na mpiga debe wa vituo vya mabasi amerithi jina lake kutoka kwa debe la bati ambalo likipigwa husikika mbali. Tofauti iko katika uwazi, kwa sababu dalali wa mnadani hutaja bei mbele ya umati na ujira wake hujulikana, ilhali cha juu cha winga hudumu kwa kuwa mnunuzi haijui bei halisi. Si haki kumlaumu kijana huyo peke yake, kwani mtu ambaye chakula cha jioni kinategemea kama mpita njia atanunua au hatanunua hana budi kung'ang'ania, na mfumo uliomnyima mshahara ndio uliomfundisha kushika watu mikono. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini katika soko ambalo maduka mia yanauza simu ileile, hata kizuri hulazimika kujitembeza, na mnunuzi hupoteza ile alama ya zamani ya kutambua kibaya.

Kitu kingine kilichopotea ni kujaribu. Katika duka la vifaa vya umeme ipo desturi njema ambayo bado hai: mteja akinunua balbu, muuzaji huitoa kwenye boksi, huichomeka kwenye soketi iliyofungwa kwenye ubao wa kaunta, huiwasha mbele ya macho ya mteja, kisha huirudisha katika boksi na kupokea fedha. Kwa tendo hilo la nusu dakika pande zote mbili hukubaliana kwamba kitu ni kizima. Simu ilipokuja ndani ya boksi lenye sili, sili yenyewe ikafanywa ushahidi wa ubora, na baadhi ya wauzaji wakakataa kuifungua kabla ya malipo, ndipo msemo wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia ukapata maana mpya, na visa vya watu kukuta kipande cha sabuni ndani ya boksi la simu vikawa simulizi ya kila siku mjini. Yalipoongezeka maneno «feki» na «orijino», ushahidi ulitosha kwamba soko lilikuwa limegawanyika na mnunuzi hakuwa na kipimo.

Gharama ya mgawanyiko huo ilijidhihirisha Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilipozizima simu bandia kwa kutumia namba za utambulisho, zile tarakimu 15 zinazooneshwa na simu mtu akibonyeza *#06#. Kenya ilikuwa imechukua hatua kama hiyo mwaka 2012. Lengo lilikuwa jema, ila mzigo ulielekea upande uleule wa siku zote, kwa kuwa simu iliyozimwa ilikuwa mfukoni mwa mkulima au mama lishe aliyeinunua kwa nia safi, wala haikuwa rahisi kwake kumtafuta winga wa miaka miwili nyuma.

Ajabu ni kwamba sheria haijawahi kumwacha mnunuzi mikono mitupu. Sheria ya mauzo ya bidhaa iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza, ambayo mizizi yake ni sheria yao ya mwaka 1893, inatambua kwamba katika mauzo ya mfanyabiashara mna ahadi zisizoandikwa, kwamba kitu kitafaa kwa kazi ambayo mnunuzi ameieleza na kwamba kitakuwa na ubora wa kuuzika. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza udanganyifu na hila katika biashara, na mashine za kielektroniki za risiti zilizoanza kutumika mwaka 2010 zinamwezesha mnunuzi kuthibitisha alinunua nini, wapi na lini. Tatizo limekuwa kwamba haki hizo zimeandikwa katika vitabu ambavyo mnunuzi hajavisoma, wakati sentensi ya kumnyima haki imebandikwa ukutani kwa herufi kubwa.

Katika enzi ya uhaba mnunuzi alidharauliwa kwa kuwa bidhaa ilikuwa moja na wanunuzi walikuwa wengi. Katika enzi ya wingi anaandamwa kwa kuwa bidhaa ni nyingi na fedha yake ni moja. Enzi zote mbili zimemwona kama mtu wa dakika moja ya malipo. Mwenye fremu anayetaka kuheshimiwa na aandike kwenye risiti siku za dhamana na jina la anayewajibika mahali palipoandikwa kwamba bidhaa hairudishwi, na ampe winga ujira unaojulikana. Mnunuzi naye asikubali kifaa kisichowashwa mbele ya macho yake, wala asiondoke dukani bila risiti yenye jina la duka lililopokea fedha yake.