Mwaka 1973, Redio Ilipoamsha Majembe

Mwaka 1973, watu wazima wapatao milioni 2 nchini Tanzania waligeuka wanafunzi kwa wiki 12. Walikutana chini ya mwembe au barazani kwa jirani mwenye redio, na masomo yao yalikuwa malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu. Kampeni hiyo iliitwa Mtu ni Afya.

Aliyeshika usukani hakuwa daktari. Ilikuwa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, enzi hizo ikiwa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wizara ya Afya ilileta utaalamu, ya Elimu ikaleta walimu, Redio Tanzania ikarusha vipindi, na chama tawala, TANU, kikawahimiza watu hadi kwa balozi wa nyumba kumi. Sweden ilichangia fedha. Njia ilikwisha kusafishwa: Rais Julius Nyerere alikuwa ameutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kampeni ndogo za redio, kama Kupanga ni Kuchagua ya 1969, zilikuwa zimewapa waandaaji uzoefu.

Kazi kubwa ilifanyika kabla ya kipindi cha kwanza kusikika. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifunzwa, wakufunzi wa taifa wakiwafunza wa mikoa, na wa mikoa wakishuka hadi wilayani na chini zaidi. Walifunzwa jambo gumu hata kwa mwalimu mzoefu, yaani kuongoza mazungumzo bila kuhutubia. Kikundi kilisikiliza redio, anayejua kusoma akawasomea wenzake kijitabu kwa sauti, kisha wakaulizana: mbu wa hapa kwetu wanazaliana wapi? Maji ya kunywa tunayateka wapi? Mjadala ulitakiwa uzae kazi. Ndipo vyoo vikachimbwa, nyasi zikafyekwa na madimbwi yakafukiwa.

Kwa maoni yangu, hakuna kampeni ya afya nchini iliyogawana kazi vizuri kuliko hiyo. Lakini haikudumu ilivyostahili. Muda si mrefu baadaye Operesheni Vijiji ya serikali ikahamishia mamilioni ya watu kwenye vijiji vipya, na anayehama habebi choo chake. Serikali ileile iliyomhimiza mwanakijiji achimbe ndiyo iliyomwambia aondoke.

Wizara ya Afya inapopanga kampeni mpya, basi, iwaite walimu, watangazaji, wenyeviti wa vijiji na wapanga makazi mapema, kabla fedha hazijagawanywa na mabango hayajachapwa.