Njaa ya Mama Inavyoacha Alama Kwenye Jeni za Mtoto

Wengi wanaamini jeni ukishazaliwa nazo ndo basi. Kumbe maisha yanaweza kubadili jinsi zinavyofanya kazi bila kuzigeuza zenyewe. Elimu hii inaitwa epijenetiki.

Inakuwaje? Kwenye DNA hujibandika alama ndogo za kikemikali. Ni kama swichi ya taa: zinasaidia kuamua jeni ipi iwashwe na ipi izimwe. Lishe na moshi wa sigara vinaweza kuzibadili.

Mfano maarufu unatoka Uholanzi. Mwishoni mwa 1944, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Wajerumani walizuia chakula kufika magharibi mwa nchi. Watu walifikia kula vitunguu vya maua ya tulip. Takriban 20,000 walikufa kabla ya nchi kukombolewa Mei 1945.

Mwaka 2008, watafiti wakiongozwa na Bastiaan Heijmans waliwapima watu ambao mimba zao zilitungwa wakati wa njaa hiyo, wakawalinganisha na ndugu zao ambao hawakukumbwa nayo tumboni. Miaka 60 ilikuwa imepita, lakini kwenye jeni ya IGF2, inayohusika na ukuaji, alama zilikuwa pungufu.

Je, wajukuu nao wanazirithi? Kwa binadamu ushahidi bado ni mdogo, maana alama nyingi hufutwa mimba inapoanza.

Kilicho wazi ni hiki: sahani ya mjamzito inalisha pia afya ya mtu mzima wa kesho.