Sauti Nyepesi Isiyoachika: Uteuzi wa Muziki kwa Kikundi cha Nyuzi Shuleni

Mwalimu anayeongoza kikundi cha ala za nyuzi shuleni hukutana na hali ambayo kiongozi wa okestra ya watu wazima haijui. Mbele yake ameketi mwanafunzi aliyeanza fidla akiwa darasa la pili na sasa yuko kidato cha pili. Ubavuni mwake yupo aliyeshika upinde kwa mara ya kwanza muhula huu. Wote wawili watapiga wimbo mmoja siku ya wazazi. Makala haya yanatetea hoja kwamba mwalimu huyo hukosea zaidi anapochagua muziki kuliko anapoufundisha, na kwamba kipimo kinachotumika mno, yaani ugumu wa wimbo mzima, ndicho kinachompotosha. Swali la kwanza liwe hili: sauti iliyo nyepesi kuliko zote katika wimbo huu ina kazi gani? Ikiwa inaweza kunyamazishwa na msikilizaji asigundue kitu, wimbo huo haufai, hata kama kila mtoto anaumudu.

Upimaji wa ngazi tumeuzoea kupitia mitihani kama ile ya ABRSM ya Uingereza, yenye ngazi nane. Ni kipimo kizuri kwa kazi iliyokusudiwa, yaani kumpima mpigaji mmoja aliyesimama peke yake mbele ya mtahini. Kikihamishiwa kwenye kikundi huzaa wastani. Mwalimu mwenye wanafunzi wa ngazi ya sita na wa ngazi ya kwanza huishia kuchagua wimbo wa ngazi ya tatu, ambao huwachosha wale na kuwalemea hawa. Chumbani hakuna hata mmoja ambaye wimbo huo uliandikwa kwa ajili yake.

Kuna watunzi waliolijua jambo hili na kulitafutia dawa katika karatasi yenyewe ya muziki. Benjamin Britten ndiye ninayemweka mbele. Kazi yake Noye's Fludde, inayosimulia gharika ya Nuhu kutokana na mchezo wa kale wa mji wa Chester, ilipigwa kwa mara ya kwanza Juni 1958 katika kanisa la Orford, mashariki mwa Uingereza. Wapigaji wa kulipwa walikuwa wachache. Waliobaki walikuwa watoto. Fidla zimegawanywa makundi matatu. Kundi la kwanza linahitaji wapigaji hodari, lakini mkono wao haupandi kupita nafasi ya tatu. La pili halitoki nafasi ya kwanza. La tatu ni la wanaoanza kabisa, na kwa vipindi virefu hupiga nyuzi tupu, bila kubana kidole. Mtu anaweza kudhani kwamba kundi hilo la tatu liliwekwa kwa huruma, ili watoto wasilie nyumbani. Sivyo. Uzi mtupu una mlio wake, mkali na wenye mwangwi, ambao uzi uliobanwa hauna. Nyuzi tupu nyingi zikilia pamoja hutoa sauti ambayo wapigaji hodari wachache hawawezi kuitoa kwa ustadi wao wote. Mtoto wa kundi la tatu anabeba kitu ambacho hakuna mwingine wa kukibeba.

Kutokana na mfano huo tunaweza kusoma muziki wowote kwa jicho jipya, na jambo la kwanza la kutazama ni nyuzi zenyewe. Fidla ina G, D, A na E. Viola na selo zina C, G, D na A. Besi kubwa ina E, A, D na G. Nyuzi tatu, G, D na A, zinapatikana katika ala zote nne. Ndiyo maana muziki wa skeli za D na G hupendwa sana shuleni, na upendeleo huo una msingi: mwanafunzi mpya daima yuko karibu na uzi mtupu unaomrudisha kwenye sauti sahihi. Wimbo wa E-flati humpunguzia sana msaada huo, hata nota zake zikiwa chache.

Hata hivyo, skeli ya D si nyepesi kwa kila ala. Mpigaji wa fidla huipanda oktava nzima kutoka uzi wa D bila kusogeza mkono, tena kwa mpangilio uleule wa vidole katika nyuzi mbili. Mpigaji wa besi akianzia uzi wake wa D hufika kwenye B na vidole vikaisha. C-shapu na D ya juu zinamdai mkono ushuke. Nimeona mara nyingi mwalimu wa fidla akisambaza wimbo kwa ala zote kwa kunakili, kisha akashangaa kwa nini wapiga besi, waliopewa nota zilezile, wamenyamaza katikati ya mstari. Muziki uliochaguliwa kwa kutazama sauti ya fidla peke yake haujachaguliwa bado.

Jambo la pili, ambalo vitabu vingi hulipita haraka, ni mkono wa kulia. Tumezoea kuona ugumu upande wa kushoto, kwenye vidole na nafasi, na kwa sababu hiyo tunawapa wanaoanza nyimbo za mwendo wa polepole. Nota ndefu inayodumu mapigo manane inamtaka mpigaji agawe upinde wake kwa uangalifu, aushike mkandamizo usibadilike, na asitetemeke unapokaribia ncha. Hakuna zoezi gumu zaidi kwa mtoto wa mwaka wa kwanza. Nota fupi zinazorudiwarudiwa katikati ya upinde, tena kwa kasi ya wastani, humjia kwa urahisi kuliko wimbo wa maombolezo. Isitoshe, muziki wa taratibu hufichua kila sauti iliyopinda. Mwalimu anayetaka kuwalinda wanyonge wake awape mdundo, siyo nota ndefu.

Wala nafasi ya kwanza siyo dhamana ya wepesi. Paul Hindemith alitunga mwaka 1927 mfululizo wa muziki wa kufundishia, Opus 44, na sehemu yake ya nne ni vipande vitano vya okestra ya nyuzi vinavyopigika vyote katika nafasi ya kwanza. Mikono haisafiri, lakini masikio na hesabu ya mapigo vinasafiri mbali, na kikundi cha wanaoanza hakiwezi kuvigusa. Kwa wale waliokomaa, ambao mwalimu hana muda wa kuwafundisha nafasi za juu mmoja mmoja, ni hazina.

Sasa kuna wimbo mmoja unaochaguliwa kuliko yote, nao unastahili kuhojiwa: Kanoni ya Pachelbel. Sauti yake ya chini ina nota nane tu, zinazorudiwa mara 28, na kila kitu kingine kimesimama juu yake. Kwa kipimo changu cha kwanza wimbo huu unafaulu, maana ukiinyamazisha selo hakuna kinachobaki kimesimama. Lakini tazama fidla. Ni kanoni kamili ya fidla tatu: anachopiga wa kwanza hupigwa na wa pili baada ya mizani miwili, kisha na wa tatu, pamoja na nota zote za kasi. Fidla ya tatu si nyepesi hata chembe kuliko ya kwanza. Mwalimu anayemweka mwanafunzi dhaifu pale kwa sababu karatasi imeandikwa “tatu” amemtega. Na yule wa selo, anayehitajika sana, hana pa kwenda; alichojua katika mzunguko wa kwanza ndicho anachojua katika wa 28. Kwa hiyo naongeza sharti: sauti nyepesi iwe na mlango wa kupandia. Mwanafunzi aione mbele yake, ndani ya wimbo huohuo, sehemu ambayo hajaiweza leo na ataiweza muhula ujao.

Mlango huo unapatikana kwa wingi katika muziki wenye kiitikio kinachorudi. Antonio Vivaldi aliajiriwa mwaka 1703 kufundisha fidla katika Ospedale della Pietà huko Venice, taasisi iliyolea watoto walioachwa na wazazi, na wasichana wakubwa wa hapo waliwafundisha wadogo. Konsato zake zina umbo linalolingana na nyumba ya namna hiyo: kikundi kizima hupiga kiitikio, kisha hunyamaza au kushikilia nota chache wakati mpigaji mkuu anapoonyesha uwezo wake, kisha kiitikio hurudi katika skeli nyingine. Mwanafunzi mdogo akijua kiitikio anajua sehemu kubwa ya kazi. Aliye hodari hupewa uwanja ambao haumchoshi. Na kati yao wapo wale wanaoweza kupewa kipande kimoja cha kujitokeza, kirefu au kifupi kadiri ya mkono wao, kwa kuwa hakuna sheria inayosema mpigaji mkuu awe mmoja tangu mwanzo hadi mwisho.

Hapa ndipo nadhani shule za pwani yetu zimeacha mali yake mlangoni. Bashraf, muziki wa ala unaofungulia hafla za taarabu ya Zanzibar, una umbo lilelile kwa njia yake: khana, yaani sehemu zake, zinabadilika, na baada ya kila khana hurudi taslimu, yaani kiitikio. Wanaoanza wafundishwe taslimu kwanza, na katika khana wapige mdundo kwenye nyuzi tupu. Waliokomaa wazibebe khana. Mwaka unaofuata mmoja wao ataomba khana ya pili, na atakuwa ameisikia mara nyingi kiasi kwamba nusu ya kazi imekwisha.

Taarabu inatoa zaidi ya umbo. Katika okestra ya Ulaya kila sauti ina mstari wake, na asiyeuweza mstari wake ameharibu muziki. Katika vikundi kama Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club cha mwaka 1958, fidla, ganuni, udi na akodiani hufuata lahani moja, na kila mpigaji huipamba kadiri ya mkono wake. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akipiga lahani kavu, bila pambo, hajapunguza kitu, amelishika shina. Mwenzake akizungusha nota za mapambo juu ya shina hilo hajatoka nje ya wimbo. Ni vigumu kufikiria muziki unaolingana zaidi na chumba chenye viwango mchanganyiko, na haukubuniwa kwa ajili ya shule.

Uteuzi wa maqamu, yaani skeli za taarabu, unahitaji busara. Rasti na Bayati zina masafa yaliyo kati ya nusu-toni na toni, ambayo fidla huyapata kwa sababu shingo yake haina vikingamo, lakini sikio la mwanafunzi na akodiani ya shule haviko tayari. Ajam, iliyo karibu na skeli kubwa, na Nahawandi, iliyo karibu na ndogo, zifundishwe kwanza. Hijazi ikianzia D ni hatua nzuri ya tatu: nyuzi tupu za D na A hubaki chini yake bila kugongana na lahani.

Pingamizi ninaloliheshimu ni kwamba vikundi vitenganishwe: wadogo kwao, wakubwa kwao. Shule yenye walimu wanne na ala za kutosha ifanye hivyo, walau siku moja kwa wiki. Shule zetu nyingi zina mwalimu mmoja, na fidla moja inapokezanwa na watoto wawili. Kuwatenga hapo ni kuwafuta wadogo. Pia mtoto hujifunza upinde kwa kuutazama upinde wa aliyemtangulia, na ukimwondoa jirani huyo umemwondolea mwalimu wake wa pili. Kwa sababu hiyohiyo hodari wote wasikusanywe fidla ya kwanza. Mmoja akae kundi la tatu, na wapiga viola wasiwe wale tu walioshindwa fidla.

Kazi nyingi ninazopendekeza zitahitaji mwalimu achukue kalamu na kuandika upya sauti moja au mbili. Muziki wa Vivaldi na Pachelbel hauna mwenye haki anayepaswa kuombwa. Nyimbo za taarabu za watunzi walio hai, au waliofariki hivi karibuni, zina wenyewe, na ruhusa iombwe kabla ya kuzigusa.

Lakini mwalimu mmoja mmoja hawezi kubeba jukumu hili peke yake. Nawaomba wanaofundisha taarabu kwa nota, kama walimu wa Dhow Countries Music Academy huko Mji Mkongwe, iliyofunguliwa mwaka 2002, pamoja na idara za muziki za vyuo vikuu vyetu, wachapishe bashraf na nyimbo za taarabu zilizoandikwa kwa fidla za makundi matatu, viola, selo na besi, kundi la tatu likianzia nyuzi tupu. Hata mkusanyiko wa nyimbo kumi utatosha kuanzia.