Kuzikana kwa Ghaibu

Tangu Barawa na Lamu hadi Kilwa na Ngazija, maiti katika pwani yetu hakawilishwi. Aliyefariki alfajiri aghalabu huoshwa, akakafiniwa, akasaliwa na kuzikwa kabla ya magharibi, na aliyefariki usiku hungojewa kupambazuke tu; na hukumu hii ya kuharakisha, ambayo ni sitara kwa maiti na nafuu kwa waliomzunguka, tangu zamani imemwacha nje mtu mmoja, naye ni jamaa aliye safarini. Kijana wa Lamu aliyepanda jahazi na upepo wa kusi kwenda Maskati au Basra hakuweza kurejea mpaka kaskazi ivume, na lau mzazi wake angefariki siku chache baada ya tanga kutwekwa, khabari ingemfikia kwa kinywa cha nahodha au kwa barua iliyotiwa katika kasha la mfanyabiashara, pengine baada ya matanga kuondolewa, eda ya mjane kwisha na mirathi kugawanywa. Sasa ambapo mtu aliye Toronto huweza kukaa mbele ya kioo cha simu akaona jeneza la mamake likitoka mlangoni Mkunazini, ni vema kuzitazama njia ambazo watu wa pwani walizitumia kumzika aliye mbali kabla ya kioo hicho kuja.

Ya kwanza na kongwe kuliko zote ni swala. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Najashi, mfalme wa Uhabeshi aliyewapa hifadhi Waislamu wa mwanzo, alipofariki, Mtume aliwatangazia masahaba wake Madina kifo chake siku ile ile, akawapanga safu, akamsalia ilhali maiti yuko ng'ambo ya Bahari ya Sham. Na wanahistoria wengi huliweka tukio hilo katika mwaka wa 9 wa Hijra, yaani 630. Mafakihi wakakhitalifiana. Wafuasi wa Abu Hanifa na wa Malik waliona kuwa jambo lile lilimhusu Mtume peke yake. Imamu Shafi akalichukua kuwa ruhusa ya watu wote. Kwa kuwa madhehebu ya Shafi ndiyo yaliyoenea katika pwani yetu, swala ya ghaibu ikapata makao huku, na hadi leo si ajabu kumsikia imamu baada ya swala ya Ijumaa akiwaomba watu wasitawanyike, kwani yuko ndugu yao aliyefariki ugenini. Msaliji hamwoni maiti, hajui amezikwa wapi, wala hadai kwamba alikuwako. Humuombea, akaenda zake.

Waya wa simu uliolazwa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Unguja mwaka 1879, ukaendelea kusini hadi Msumbiji na Durban, na kwa waya huo khabari iliyokuwa ikisafiri kwa miezi ikasafiri kwa saa. Lakini simu ile ililipiwa kwa neno, ikawa zaidi ni chombo cha makonseli na matajiri wa karafuu na pembe kuliko cha watu wa kawaida. Na hata huyo aliyeweza kuilipia alipata jina la marehemu na neno la kufariki, basi.

Redio ndiyo iliyogeuza mambo, na yastahiki kukaliwa kidogo. Unguja na Dar es Salaam zilianza kurusha matangazo yao mwaka 1951, na redio ndogo za betri zilipoenea katika miaka ya 1960, hata shambani na visiwani kisimani palikuwa na sauti ya mtangazaji. Matangazo ya vifo yakawa na wakati wake, na nyumba nzima ikanyamaza. Mtangazaji alisoma kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka: jina la marehemu, mji alikofia, saa ya maziko na mahali pake, kisha ile orodha ndefu ya jamaa na miji yao, khabari ziwafikie fulani wa Tanga, fulani wa Tabora, fulani wa Wete, na ndugu na marafiki wote popote walipo. Aliyesikiliza kwa makini aliweza kuijua nasaba ya ukoo mzima, nani ameolewa wapi na nani amehamia wapi, kwa dakika mbili za tangazo. Na niseme kwamba sijaona kitabu chochote cha elimu ya jamii kilichoueleza uhamiaji wa watu wetu kwa ufasaha kama matangazo yale. Fauka ya hayo, redio ilileta jambo ambalo jahazi halikuweza kulileta, wala simu ya waya haikulileta: mtu wa mbali aliijua saa ya maziko kabla haijapita. Aliweza kutazama saa yake ya ukutani akasema, sasa wanamtia kaburini.

Televisheni ilianza na wakubwa. Mzee Jomo Kenyatta alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978 akazikwa Nairobi siku ya 31 ya mwezi huo, maziko ya dola yaliyoonyeshwa kwa wenye seti za televisheni, nao hawakuwa wengi. Mwalimu Julius Nyerere alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999, televisheni ilikuwa na miaka mitano tu katika Tanzania Bara, na watu walijazana madukani na majumbani mwa jirani kutazama mwili ukipokewa Dar es Salaam, hata ukafikishwa Butiama. Familia za watu wa kawaida zenye uwezo nazo zikaanza kumkodi mpiga video wa arusini, zikatuma kanda Dubai au London. Lakini kanda iliyofika baada ya wiki mbili haikuwa na tofauti kubwa na ile barua ya kashani.

Mwaka 2009 nyaya za mawasiliano ya mwanga zilifika Mombasa na Dar es Salaam, na mmoja wao ulitoka Fujairah moja kwa moja hadi Mombasa, bahari ile ile waliyoikata wenye majahazi wa Ghuba kwa karne nyingi. Ilipofika 2016, mtu yeyote mwenye simu na bando aliweza kurusha matangazo mubashara kupitia Facebook. Kisha ikaja korona. Kenya iliamuru mwaka 2020 kwamba maziko yasihudhuriwe na watu zaidi ya 15. Uingereza iliweka kikomo cha 30, na kikomo hicho kilimshika hata Malkia Elizabeth, aliyekaa peke yake katika kanisa la Windsor akimuaga mumewe tarehe 17 Aprili 2021, huku dunia ikimtazama. Lililokuwa hiari ya wachache likawa dharura ya wote. Maalim Seif Sharif Hamad alipofariki Februari ya mwaka huo akazikwa Mtambwe, Pemba, siku ya pili yake, Wapemba wa Maskati, London na Dubai, ambao hakuna ndege ingaliwawahisha, walimshindikiza kwa macho.

Lakini asidhani mtu kwamba kioo kimemaliza haja ya kwenda. Mwezi uliofuata, Rais John Magufuli alipoagwa katika Uwanja wa Uhuru, kila jambo lilionyeshwa mubashara, na hata hivyo watu walimiminika uwanjani kwa wingi uliozidi nafasi, wakakanyagana, na polisi wakatangaza kuwa watu 45 walikufa.

Wanavyuoni kwa jumla nao hawakukipa kioo hicho daraja ya kuhudhuria. Thawabu iliyoahidiwa aliyemsalia maiti, na maradufu yake kwa aliyengoja mpaka akazikwa, ni ya aliyesimama pale. Na kumfuata imamu wa mbali kwa chombo, ingawa Ahmad al-Ghumari wa Tangier aliandika risala kuijuzisha swala ya Ijumaa kwa redio, wengi wameikataa. Mtazamaji wa Toronto, kwa hukumu ya madhehebu yetu, amebaki ghaibu vile vile.

Ila yuko mtu mwingine ambaye kamera imemfikia, naye hayuko Toronto. Yuko chumba cha pili. Mwanamke wa pwani kwa desturi hafuati jeneza. Huishia uani au dirishani, akasikia shahada za wanaume zikididimia njiani, na yaliyobaki husimuliwa jioni na kaka au mwana. Leo mjane aliyeketi edani huweza kuuona mwanandani, ubao ukilazwa, udongo ukimiminwa, na kumsikia shekhe akisoma talkini juu ya mumewe. Wako wazee wanaolichukia jambo hili, na sidharau hoja yao kwamba kaburi si tamasha. Lakini mimi naona lawama imwendee zaidi mpiga picha anayewasukuma wachukuzi na kukanyaga makaburi ya wenzetu ili apate pembe nzuri, kuliko mjane aliyetaka kujua mumewe amelazwa vipi.

Kilichoondoka hasa ni udhuru. Zamani msafiri hakuulizwa, bahari ilimjibia. Sasa jina lake huonekana katika orodha ya watazamaji, au halionekani, na nambari ya kupelekea rambirambi kwa simu huwekwa chini ya picha, na shangazi mwenye kumbukumbu njema huyaangalia yote mawili. Nimesikia watu wakinung'unika kwamba msiba umekuwa na mahudhurio kama darasa. Hayo ni kweli, na sidhani yatabadilika.

Amali iliyovuka bahari pasipo khitilafu yoyote ni khitima. Juzuu 30 zinagawika kwa watu 30, na haikupata kuwa sharti wakae jamvi moja. Kwa hiyo siku hizi juzuu ya kwanza huchukuliwa Malindi, ya pili Maskati, ya kumi na tano Leicester kwa Wabarawa, na mwenye kusimamia hubaki na kazi ya kuwapigia simu wale ambao siku ya tatu imefika nao hawajasema kama wamemaliza.